Slaidi ya Sheba ilisema kweli, ila haikusema yote

"Daktari, habari za kazi. Niko Arusha, nina German Shepherd jike anaitwa Sheba, ana miaka 3 na nusu. Nimempandisha mara mbili na mara zote ametoka kapa. Mara ya kwanza tulihesabu kama wafugaji wenzangu walivyonifundisha, siku ya 10 na ya 12. Mara ya pili nikasema sibahatishi tena, nikampeleka kwa daktari siku ya 8. Akamwingiza kijiti cha pamba, akaangalia kwenye hadubini, akaniambia seli zote zimekomaa, mpeleke kwa dume. Akapandwa siku ya 9 na ya 11, na mara zote mbili walinasana zaidi ya robo saa. Siku ya 12 damu ikapungua ikawa majimaji ya pinki. Cha ajabu, mpaka siku ya 20 akimwona dume wa jirani alikuwa bado anapinda mkia pembeni. Sisi tukamfungia ndani kwa sababu tarehe zilishapita. Baada ya kama miezi miwili akavimba chuchu, akatoa maziwa kidogo, akachimba shimo nyuma ya nyumba, lakini hakuzaa. Mama mkwe anasema mimba imeyeyuka. Je, hiki kipimo cha seli ni cha kweli au ni cha kutulia hela? Na mpwa wangu ni mtu wa maabara kwenye zahanati, kila siku anasoma slaidi za malaria. Anaweza kunisomea za Sheba?"

Hukuliwa hela. Kipimo ni cha kweli, na kwa maelezo yako naamini yule daktari aliona hasa alichokuambia. Shida ni kwamba wewe ulitaka kujua mayai yanatoka lini, na slaidi moja ya siku ya 8 haina uwezo wa kujibu hilo. Inachojibu ni kama homoni ya estrojeni imeshapanda. Maswali hayo yanafanana, lakini kati ya jibu la moja na jibu la lingine kunaweza kupita wiki nzima na siku juu yake. Nadhani Sheba alipotelea humo.

Nianze na damu, maana ndiko hesabu za wafugaji zinakoanzia. Watu wengi huichukulia kama hedhi ya mwanamke. Sivyo. Kwa mwanamke damu hutoka mzunguko unapoisha bila mimba, ukuta wa mji wa mimba unapobanduka. Kwa mbwa damu hutoka mzunguko unapoanza: estrojeni inapanda, mishipa midogo ya mji wa mimba inajaa, na seli nyekundu zinapenya taratibu kutoka kwenye kuta zake. Kwa hiyo siku ya kwanza ya damu inakuambia tu kwamba safari imeanza. Haikuambii itachukua muda gani. Kipindi hicho cha mwanzo, ambacho vitabuni huitwa proestrasi, kwa wastani ni siku 9, lakini jike mzima kabisa anaweza kukimaliza kwa siku 3 na mwenzake akafika siku 17. Kipindi kinachofuata, joto lenyewe la kumkubali dume, nacho wastani wake ni siku 9, na kinaweza kuwa kifupi cha siku 3 au kirefu cha siku 21. Halafu ongeza majike wasafi wanaojilamba usiku kucha, mwenye mbwa anaona tone la kwanza siku ya 4 na kuiandika kuwa ya 1.

Hiyo "siku ya 10 na ya 12" mliyofundishwa ni wastani uliogeuzwa kuwa sheria. Inawabahatikia wengi kwa sababu mbegu za dume ni vumilivu sana. Ndani ya jike zinaweza kuishi siku 5 hadi 7. Zinafunika makosa yetu ya kuhesabu. Kwa jike anayechelewa, hazifiki.

Sasa seli. Siku za kawaida, jike akiwa mapumzikoni, ukuta wa uke wake ni mwembamba, tabaka mbili tatu tu za seli. Estrojeni ikipanda, ukuta unaanza kujijenga kwa kasi mpaka unafika tabaka 20 hadi 30. Ni maandalizi ya kupandwa, tendo ambalo kwa mbwa, kama ulivyoona mwenyewe, linaweza kuchukua robo saa na zaidi. Damu inayolisha ukuta huo iko chini kabisa. Seli zinazozaliwa chini zinasukumwa juu na wenzao, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyokuwa mbali na chakula. Zinatanuka, zinakuwa bapa, kiini kinasinyaa, mwishowe kinatoweka na seli inakufa ikiwa ngumu. Angalia ngozi ya kisigino cha mtu anayetembea peku: habari ni hiyo hiyo. Kijiti cha pamba kinazoa seli za juu tu, na sura ya seli hizo inatuambia ukuta umefika unene gani, yaani estrojeni imefanya kazi kiasi gani. Mantiki yote ya kipimo iko hapo.

Njia hii si ya jana. Mwaka 1917 huko New York, watafiti Stockard na Papanicolaou walionyesha kwamba unaweza kufuata mzunguko wa simbilisi jike kwa kuangalia seli za uke wake kila siku. Papanicolaou ndiye yule yule ambaye baadaye jina lake lilipewa kipimo cha seli za shingo ya kizazi kwa wanawake. Kwa hiyo kipimo kinachookoa wanawake leo kina undugu na hiki tunachomfanyia Sheba, na chanzo chake ni mnyama anayefugwa jikoni.

Kwenye hadubini mpwa wako atakutana na ndugu wanne. Wa kwanza ni seli changa za chini: ndogo, duara, zote zinafanana, kiini kikubwa kimejaa karibu seli nzima. Wa pili ni seli za kati, kubwa zaidi, zinafanana na yai la kukaanga, kiini kikiwa kiini cha yai. Wa tatu ni seli za juu zilizokomaa: pana, zenye kona kona, kingo zimekunjika, kiini kimebaki nukta nyeusi ndogo. Wa nne ni hizo hizo zikiwa hazina kiini kabisa, vipande vitupu vyenye kona. Mimi huwaambia wanafunzi watafute kaukau zilizovunjika chini ya pakiti, hawasahau tena. Pembeni ya hao kuna seli nyekundu za damu, seli nyeupe, na bakteria. Bakteria wapo kwenye uke wa mbwa mzima, wasimshtue mtu.

Mwanzo wa damu slaidi ni soko la mchanganyiko: seli changa, za kati, chache zilizokomaa, damu nyingi, na seli nyeupe kadhaa. Siku zinavyokwenda, wachanga wanapungua, waliokomaa wanaongezeka, na seli nyeupe zinatoweka kwa sababu ukuta umekuwa mnene hazina pa kupenyea. Joto lenyewe likifika, seli 80 hadi 90 na zaidi katika kila 100 zimekomaa, nyingi hazina kiini, na nyuma yake slaidi ni safi, kama imefuliwa. Damu inaweza kuwepo au isiwepo. Wengine husubiri damu ikome ndipo wapandishe, lakini nimeona majike wanaotoa damu mpaka mwisho wa joto na wakashika mimba vizuri tu.

Kisha ghafla slaidi inageuka. Leo seli zilizokomaa ni 95 kwa mia, kesho au keshokutwa ni 50, seli changa na za kati zimerudi, na seli nyeupe zimemwagika kila mahali. Estrojeni imeshuka, ukuta umebanduka, mlango umefunguka kwa seli nyeupe. Hapo jike ameingia kipindi cha baada ya joto, diestrasi. Seli nyeupe kwenye slaidi ya siku hiyo ni za kawaida kabisa. Nalitaja hili kwa sababu mbwa wengi wazima wamechomwa sindano za antibayotiki kwa kosa la kuwa na seli nyeupe siku ambayo wanapaswa kuwa nazo.

Sasa kuna mtego. Chukua slaidi ya siku ya 3 ya damu na slaidi ya siku ya pili baada ya joto kuisha, zifute majina, mpe mtu azisome. Wachanga wapo, wa kati wapo, weupe wapo, hata damu kidogo ipo. Mimi mwenyewe kwa slaidi moja tu siwezi kukuapia ipi ni ipi. Ndiyo maana slaidi moja haina thamani kubwa. Ni sawa na kupiga picha moja ya daladala halafu uulizwe linakwenda mjini au linatoka. Ukiwa na picha tatu zilizofuatana, hakuna ubishi.

Mtego wa pili ndio uliomkamata Sheba. Seli zinaweza kukomaa zote siku kadhaa kabla ya mayai kutoka. Mayai hutoka takriban siku 2 baada ya homoni nyingine, tunayoiita LH, kufyatuka kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na slaidi inaweza kuwa imeshajaa kaukau hata siku 6 kabla ya mfyatuko huo. Jumlisha: siku 8. Na hadithi haiishii hapo, kwa sababu mbwa ana tabia yake ya peke yake. Ng'ombe na mwanamke wanatoa yai lililo tayari. Mbwa anatoa yai bichi, ambalo linahitaji siku 2 hadi 3 nyingine kwenye mrija ili liive, kisha linadumu siku nyingine 2 au 3 hivi. Kwa hiyo siku nzuri za kushika mimba ni kama ya 2 hadi ya 5 baada ya mayai kutoka.

Turudi Arusha. Sheba aliendelea kupinda mkia mpaka siku ya 20. Tabia si kipimo kamili, kuna majike wanaokubali hata baada ya slaidi kugeuka, lakini tuchukulie kwamba slaidi yake ingegeuka siku ya 21 au 22. Kugeuka huko kwa kawaida hutokea kama siku 6 baada ya mayai kutoka. Ukirudi nyuma unafika siku ya 15 au 16. Mayai yakaiva kuanzia siku ya 17 hadi 19. Mbegu za siku ya 9 zilishakufa. Zile za siku ya 11, zikijitahidi sana, zilifika siku ya 16 au 18. Wageni walifika mapema, wakasubiri barazani mpaka wakachoka, mwenye nyumba anarudi wameshaondoka. Na siku alizokuwa tayari kweli, mlimfungia ndani kwa sababu ya tarehe. Sina slaidi za kuthibitisha haya, ni hesabu ya kinyumenyume kutokana na uliyoniandikia, lakini inaendana na kila kitu ulichokiona, hata na ile slaidi ya siku ya 8.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa heshima zote kwamba hakuna ushahidi wa mimba kuyeyuka. Mimba changa huweza kufyonzwa, hilo lipo, lakini mbwa ana jambo jingine la kawaida zaidi. Mayai yakishatoka, ovari zinatengeneza projesteroni kwa muda wa kama miezi miwili, awe na mimba au asiwe nayo. Homoni hiyo inaposhuka, homoni ya maziwa inapanda, na jike asiye na kitu tumboni anavimba chuchu, anachimba, anabeba kiatu chako na kukilinda. Ni mimba ya uongo. Kwako wewe ni habari njema: inaonyesha Sheba alitoa mayai. Mashine inafanya kazi, mlikosea saa. Chuchu zenyewe usizikamue, ukizikamua maziwa yanaongezeka.

Sasa ufanye nini joto lijalo? German Shepherd wengi hurudi kila miezi 5 au 6, kwa hiyo una muda wa kujipanga.

Kama dume ni wa jirani au mnaweza kukutana naye kirahisi, njia ya bei nafuu inatosha: slaidi kila baada ya siku moja kuanzia siku ya 5. Seli zilizokomaa zikifika 80 au 90 kwa mia, apandwe, kisha arudiwe kila baada ya siku 2 au 3 mpaka slaidi igeuke au amkatae dume. Usiangalie tarehe. Ikibidi apandwe mara tano, apandwe mara tano. Kwa kuwa mbegu zinaishi siku kadhaa, mpango huu unafunika dirisha lote, hata la jike anayechelewa kama huyu wako.

Kama dume yuko mbali, tuseme Nairobi au Dar, au unalipia kila safari, ongeza kipimo cha damu cha projesteroni. Hiki ndicho kinachojibu swali lako halisi. Kwa mbwa, tofauti na wanyama wengi, projesteroni inaanza kupanda kabla mayai hayajatoka, hivyo inatupa taarifa mapema. Mwanzoni iko chini ya 1 ng/ml. Ikifika 2 hadi 3, LH imefyatuka. Ikifika kama 5 na kupanda, mayai yanatoka. Hesabu siku 2 mbele, mpandishe, mrudie baada ya siku 2 nyingine. Projesteroni ni molekuli ile ile kwa binadamu na kwa mbwa, kwa hiyo maabara nzuri ya watu inaweza kuipima. Waambie tu wasikukadirie kwa viwango vya wanawake. Angalia sana kizio kilichoandikwa karibu na namba kwenye karatasi. Maabara nyingine huandika nmol/l, na hapo 5 ya kwetu inasomeka karibu 16. Niliwahi kuletewa karatasi ya "16", mwenye mbwa analia kwamba tumechelewa, kumbe ndiyo siku yenyewe. Tumia maabara moja tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu mashine mbili zinaweza kutofautiana kwa damu ile ile.

Slaidi zinakuambia lini uanze kutoboa mshipa, ili usilipie damu tano za bure. Hivyo ndivyo vipimo hivi vinavyosaidiana. Mbegu zilizogandishwa ni suala jingine: zikiyeyushwa zinaishi saa 12 hadi 24 tu, kwa hiyo hapo hakuna kubahatisha na hakuna kufanya nyumbani.

Mpwa wako anaweza kusoma? Anaweza, tena mtu wa malaria ana jicho zuri na Giemsa tayari anaifahamu. Ndiyo rangi tunayotumia hata sisi. Atakachotakiwa kuacha ni ile tabia ya kukimbilia lenzi ya 100 na mafuta. Hapa aanze na ya 10 apate sura ya mtaa mzima, aingie ya 40 kuangalia viini. Ahesabu seli 100 bila kuchagua na aandike ngapi zimekomaa; "nyingi nyingi" si namba. Ila mnunue chupa yenu ndogo ya rangi na slaidi zenu, na aombe ruhusa ya mkuu wake. Dawa za zahanati ni za wagonjwa, na sampuli za mbwa hazina biashara kwenye meza ya watu bila wenyewe kujua.

Kuchukua sampuli ndiko watu wanakoharibu. Mara ya kwanza naomba daktari wa mifugo akuonyeshe kwa mkono. Mtu mmoja amshike Sheba kichwa na kumliwaza, mwingine avae glavu. Tumia kijiti kirefu cha pamba safi cha hospitali, kile cha masikio ni kifupi mno, kiloweshe kwa maji ya chumvi ya dripu. Fungua midomo ya uke, ingiza kijiti kwenye kona ya juu kabisa ukikielekeza juu kuelekea uti wa mgongo. Usikisukume moja kwa moja mbele: chini pale kuna shimo la kinembe, na mbele yake kidogo tundu la mkojo. Kikishapanda na kuvuka ukingo wa nyonga, kilaze na kiende mbele. Zungusha mara moja mbili, toa. Sampuli iliyochukuliwa mlangoni au kwenye lile shimo ina seli ngumu siku zote za mwaka, na imewadanganya wengi kwamba jike yuko tayari wakati hata hajaanza.

Kwenye slaidi, viringisha kijiti, usisugue. Ukisugua seli zinachanika. Mistari miwili inatosha. Acha ikauke yenyewe kivulini, shikiza seli kwenye kioo kwa methanoli dakika moja au mbili, kisha Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, suuza taratibu, kausha. Methanoli ni sumu na inashika moto haraka, isiachwe jikoni wala karibu na watoto. Sheba akikakamaa, akilia, au kijiti kikikataa kupita, acha. Usimlazimishe. Kunaweza kuwa na kizuizi kinachohitaji kidole cha daktari.

Usiache kuchukua sampuli siku anapoacha kupandwa. Endelea kila siku mpaka slaidi igeuke, kisha siku moja zaidi kuthibitisha, halafu basi. Siku hiyo ya kugeuka ni dhahabu, na ndipo kipimo hiki kinapoipita kalenda kwa mbali. Mimba ya mbwa ukihesabu tangu kupandwa inaweza kuwa siku 57 hadi 72, maana hujui mbegu zilisubiri siku ngapi. Ukihesabu tangu slaidi ilipogeuka ni siku 57, ukikosea utakosea kwa siku moja hivi. Slaidi ikigeuka tarehe 3 Machi, andaa sanduku la kuzalia kwa ajili ya tarehe 29 Aprili. Na ikiwa hakushika, slaidi hizo zitatuambia ulikosa kwa siku ngapi, tusianze tena gizani. Mimba yenyewe ithibitishwe kwa ultrasaundi kuanzia siku ya 25 hadi 30, siyo kwa chuchu. Chuchu zimeshakudanganya mara moja.

Sijasahau dume. Hukuniambia amezalisha lini mara ya mwisho. Wafugaji wetu hawaachi kumlaumu jike, lakini dume aliyepata homa kali ya ugonjwa wa kupe anaweza kuwa na mbegu mbovu kwa miezi miwili hivi, kwa kuwa ndio muda mbegu mpya zinaochukua kutengenezwa. Kunasana vizuri hakuthibitishi kitu kuhusu mbegu. Kabla ya joto lijalo aangaliwe mbegu kwenye hadubini, na wote wawili wapimwe brusela ya mbwa, ugonjwa unaotoa mimba na ambao unaweza kumpata hata binadamu anayewashika.

Kuna mambo mengine slaidi za nyumbani hazitakusaidia, na hapo nataka umpeleke Sheba kwa daktari bila kuniandikia kwanza. La hatari kuliko yote ni usaha kwenye mji wa mimba. Huja wiki kadhaa baada ya joto: anakunywa maji sana, hali, anatapika, amelala tu, na wakati mwingine anatoa uchafu wenye harufu. Wakati mwingine hatoi kitu kwa sababu mlango wa kizazi umefunga, na huyo ndiye anayekufa haraka zaidi. Ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Damu inayoendelea baada ya wiki nne nayo si joto refu tu. Kwa mitaa yetu yenye mbwa wanaozurura, nikiona hivyo nafikiria kwanza uvimbe wa kuambukizana kwa kupandana. Slaidi inaweza kuuonyesha: seli duara zenye mashimo mashimo kama povu, tofauti kabisa na ndugu wale wanne. Unatibika vizuri kwa vinkristini, dawa ya saratani inayochomwa mara moja kwa wiki, na haipaswi kuguswa na asiye daktari. Ugonjwa wa kupe pia hufanya damu isigande. Na slaidi ikibaki imejaa kaukau kwa mwezi mzima bila kugeuka, kuna uwezekano wa kifuko cha maji au uvimbe kwenye ovari. Estrojeni ikizidi muda mrefu hivyo huumiza uboho unaotengeneza damu.

Na mtu akikuuzia sindano ya "kushikisha mimba" au ya "kuleta joto", kataa. Vivyo hivyo zile sindano za uzazi wa mpango za wanawake ambazo watu huwachoma mbwa kuzuia mimba. Homoni iliyomo ndiyo inayouandaa mji wa mimba kwa usaha.

Kwa upande wenu wa kaskazini, ukikosa daktari anayefuatilia kwa slaidi, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro ina watu wa uzazi wa wanyama, na kwa baadhi yenu kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, ni karibu zaidi. Popote utakapokwenda, beba slaidi zote, hata zile unazodhani zimeharibika. Tarehe na namba ya siku ziandikwe kwa penseli kwenye ile ncha yenye ukungu. Kalamu ya wino inafutika kwenye methanoli, na slaidi kumi zisizo na tarehe zitanirudisha pale pale pa kubahatisha.